Uliza Mwalimu: BTP imeanza na darasa silo lile la kwenye notsi

Haya wapenzi, msimu wa BTP ukifika simu yangu haipumui. Safari hii barua zimetoka mbali na mbali, mmoja Simanjiro, mwingine kisiwani Ukerewe, mwingine mpaka Kakuma kule Kenya, lakini ukizisoma swali ni lilelile, kwamba chuoni nimefundishwa kufundisha somo, sasa hawa watoto wenyewe ni akina nani na nitawajuaje. Kwa wasiojua, BTP ni zile wiki ambazo mwanachuo wa ualimu anapelekwa shuleni kufundisha kwa vitendo, mkufunzi anakuja kumkagua, wa vyuo vikuu wao wanaita TP au field. Majina ya walioandika nimeyaacha, na barua nyingine nimezikata maana kuna mtu kaandika nusu nzima kuhusu nauli, pole sana mwanangu ila nauli mimi sina.

SWALI: Shikamoo mama. Mimi nasoma cheti cha ualimu, nimepangiwa BTP Simanjiro huku porini kwa Wamasai, darasa la kwanza. Mama hawa watoto Kiswahili hawajui kabisaa, nikisema fungueni madaftari wananiangalia tu, wawili watatu ndo wanafungua halafu wengine wanaigiza. Asubuhi nikikutana nao njiani wanasimama mbele yangu wanainamisha kichwa hawasemi kitu, mi napita zangu maana naona kama wananiogopa. Tumeambiwa tufundishe kwa Kiswahili na mkufunzi anakuja wiki ijayo. Nifanyeje mama, nimechanganyikiwa. – *Binti wa Muheza*

JIBU: Marahaba binti yangu. Kwanza hilo neno porini lifute kabla mkufunzi hajafika, wale watoto wako kwao, mgeni hapo ni wewe.

Pili, wale hawakuogopi. Wanakusalimia! Mtoto wa Kimasai hampi mtu mzima mkono, anainamisha kichwa na wewe unatakiwa umguse utosini kwa kiganja, ndo umeitikia. Sasa wewe unawapita kila asubuhi, kwao ni kama umeamkiwa shikamoo ukakaa kimya, na wakirudi bomani wanasema mwalimu mpya haitikii. Kesho anza kuwagusa vichwa, wote, hata kama foleni ni ndefu, hapo utaona wenyewe wanavyobadilika darasani.

Tukija kwenye lugha, hebu jiulize huyo mtoto kabla ya kuja shule Kiswahili angekisikia wapi. Nyumbani Kimaa, machungani Kimaa, kanisani mara nyingi Kimaa hichohicho. Wale wawili watatu wanaofungua daftari nakuhakikishia ni wa pale senta, mama zao wana kibanda au wanauza chai, wanasikia Kiswahili cha wateja. Hao ukae nao vizuri. Mkalishe mmoja katikati ya wenzake wa bomani kila dawati inapowezekana, ila usimgeuze mkalimani wa siku nzima maana na yeye kaja kusoma, akitafsiri tu atamaliza mwaka hajui kuandika jina lake.

Halafu chagua maneno machache ya amri, simama, kaa, njoo, fungua, funga, sikiliza, andika, uyaseme huku unatenda na usiyabadilishe. Makosa ya walimu wageni wengi ni kwamba leo anasema fungueni madaftari, kesho toeni vitabu vyenu, keshokutwa haya tuandike sasa, kwake ni kitu kimoja kwa mtoto ni lugha tatu. Na kuna Kiswahili ambacho tayari wanacho ila hawajui kama ndicho unachokitafuta: chai, sukari, simu, soda, pikipiki. Silabi zako za kusoma na kuandika zianzie hapo. Ukichora meli ubaoni kwa mtoto wa Simanjiro unafundisha vitu viwili kwa mpigo, meli na herufi, na vyote vitakwama. Chora mbuzi.

Kwenye kuhesabu ndo pazuri zaidi. Mwombe mpishi wa uji au mlinzi akufundishe nabo, aare, uni, oonguan, imiet, mpaka tano inatosha kwa kuanzia, halafu waambie watoto wakuonyeshe vidole. Wamasai wana ishara zao za vidole za kuhesabia na hazifanani na zetu za kunyoosha kidole kimoja kimoja, utakuta darasa zima lililokuwa bubu linakucheka kwa kukosea. Waache wacheke. Mtoto akishakurekebisha wewe mwalimu mara moja, siku ya pili haogopi kurekebishwa na yeye.

Suala la mkufunzi lisikutoe jasho. Unafundisha kwa Kiswahili kama inavyotakiwa, Kimaa unakitumia kama ngazi tu, na kwenye andalio la somo ile sehemu ya tathmini na maoni usiandike "somo limeeleweka" kama wanavyoandika wote. Andika watoto wangapi walifuata amri bila kuigiza, wangapi walihesabu kwa lugha yao wakashindwa kuhamia Kiswahili, na kesho unafanya nini. Mimi nilipokuwa nakagua nilikuwa naanzia kusoma maoni ndo narudi juu, maana hapo ndo unajua mtu kaona watoto au kaona ubao tu. Na wenzako waliopelekwa Mbulu na Hanang kwa Wairaqw na Wadatoga, au upande wa Ziwa Eyasi kwa Wahadzabe, jibu hili ni lenu pia, mbadilishe lugha tu.

SWALI: Mwalimu habari, niko Dar, darasa la tatu, watoto 140 chumba kimoja, wengine wamekaa chini. Chuoni tumeambiwa mwalimu bora anamjua kila mwanafunzi kwa jina na kwa mahitaji yake. Mimi naomba uwe mkweli tu, hii kitu inawezekana kweli au ni ya kujibia mtihani? – *Nimechoka na chaki*

JIBU: Nakuwa mkweli, kwa wiki zako hizo mahitaji ya wote 140 huyajui na anayekwambia atayajua anakudanganya. Madarasa kujaa siyo jambo la jana. Mwaka 1977 serikali ilipoanzisha elimu ya msingi kwa wote ile UPE, watoto walifurika mpaka vijana waliomaliza la saba wakapewa mafunzo haraka wakawa walimu, na 2016 ada na michango vilipofutwa wakafurika tena. Kwa hiyo wewe siyo wa kwanza.

Ila majina inawezekana, tena kwa ujanja mdogo. Chora ramani ya madawati kwenye karatasi, kila dawati na wanaokaa, na waliokaa chini nao uwape mstari wao wa kudumu wasihamehame. Daftari ukimaliza kusahihisha usimpe monita agawe, gawa mwenyewe kwa safu moja kila siku, unaita jina, anakuja, unamwangalia usoni, unamwambia neno moja la kazi yake, anaondoka. Itakula muda, ndiyo, lakini sekunde zile ndo unazomjulia.

Ijumaa jioni sasa kaa chini bila rejista, andika majina yote unayoyakumbuka. Utawaandika watundu wote, utawaandika wenye akili wote, utamwandika yule wa kutapika na yule mtoto wa mwalimu. Utakwama. Waliokosekana kwenye karatasi ndo kazi yako ya Jumatatu, wale wa katikati ambao hawapigi kelele hawashindi hawashindwi, wanaweza kumaliza shule ya msingi hakuna mwalimu aliyewahi kuwauliza kitu. Katikati yao hao ndo utamkuta asiyesikia vizuri. Mtoto masikio yanatoa usaha mwaka wa pili, anakaa nyuma, ukimwita haitiki, na walimu wameshamwandika kiburi. Jaribu kumwita jina kwa sauti ya kawaida ukiwa nyuma yake, asipogeuka mara mbili tatu mhamishie mbele na umwambie mwalimu wa darasa amwite mzazi waende zahanati.

Kitu kimoja usifanye. Usisimamishe watoto mmoja mmoja mbele ya darasa uwaulize baba anafanya kazi gani, unaishi na nani. Najua mnaambiwa mjue mazingira ya mwanafunzi. Lakini kuna mtoto pale baba hayupo, kuna anayeishi kwa bosi wa dada yake, na wenzake wana masikio. Hayo utayajua wakati wa mapumziko, kwa kuangalia nani anakunywa uji wa wenzie na nani anabaki darasani anajifanya anaandika.

SWALI: Mwl mimi niko Ukerewe kisiwani nafundisha la sita. Nilipofika wavulana walikuwepo wote, ghafla wakaanza kupotea, leo kumi kesho kumi na tano, na waliopo wanasinzia mpaka udenda unatoka kwenye daftari. Baadae wakarudi wenyewe kama hakuna kitu. Sasa hivi wamepotea tena. Nikimuuliza mwalimu mkuu ananijibu ndo zao hao utazoea. Nimeshawapa adhabu ya kufyeka mpaka majani yameisha. – *Kijana wa Singida*

JIBU: Majani yameisha, umenichekesha. We mtoto wa Singida umetoka nchi kavu ndo maana hujui, chukua rejista ya mahudhurio, toka nje usiku, angalia mbinguni.

Dagaa wa Ziwa Victoria wanavuliwa usiku kwa taa, zamani karabai sasa hivi nyingi ni za sola, taa inawashwa majini dagaa wanaifuata halafu nyavu inawazunguka. Taa ina kazi pale tu usiku ukiwa mweusi. Mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawakusanyiki, mitumbwi inapandishwa mchangani, watu wanashona nyavu na kulala. Ndo maana huko utasikia watu wanahesabu siku kwa giza na mbalamwezi, siyo kwa tarehe. Wavulana wako wanapotea kwenye giza na wanarudi kwenye mbalamwezi, weka rejista ya miezi mitatu iliyopita pembeni ya kalenda ya mwezi uone kama nakudanganya. Na wasichana nao waangalie, wao wapo shule ila wanachelewa au wanaondoka mapema, sababu dagaa wakifika alfajiri lazima waanikwe jua likichomoza na wageuzwe, na mvua ikitishia mbio kuwaanua.

Ukishajua hivyo, azimio lako la kazi unalipanga kwa macho mawili. Mada mpya na ngumu, kama sehemu na asilimia, zipige zile siku za mbalamwezi wakiwa wote. Siku za giza fanya marudio, kusoma, kazi za vikundi, ili aliyekosa asirudi akute darasa limemwacha mbali akaamua bora ziwa. Anayesinzia mpe dakika anawe uso, muulize ametoka kazini saa ngapi, usimuulize mbele za watu.

Ila sikilizeni, kupanga ratiba siyo kubariki. Mtoto wa la sita usiku wa manane kwenye mtumbwi, upepo wa ziwa ule, ni hatari na Sheria ya Mtoto ya 2009 imekataza mtoto kufanyishwa kazi usiku. Tatizo ni kwamba wewe ni mwanafunzi wa mazoezi wa wiki chache, ukienda peke yako kugombana na wenye mitumbwi utaondoka na wewe na mtoto atabaki na kipigo. Mpelekee mwalimu mkuu rejista ikiwa imeshapigwa mstari, giza hili, giza lile, majina haya, maana "ndo zao" inakuwa ngumu kuisema mbele ya karatasi. Yeye ndo apeleke kwa mtendaji wa kijiji na kwa wale wa BMU, kikundi kinachosimamia mwalo, pale mitumbwi inapofikia, wanamfahamu kila mwenye mtumbwi.

Na wengine ambao hamko ziwani, msikae mnacheka. Rejista ya kila shule ina mwezi wake. Kwenye mpunga ni wiki za kuamia ndege, kwa wafugaji ni siku ya mnada, mjini ni siku mama akienda gulioni na mdogo wake hana wa kumwangalia. Rejista siyo ya kujaza vema na mkasi tu halafu jumla chini.

SWALI: Madam, shule niliyopo kila mwalimu ana fimbo yake hadi imeandikwa jina. Nimeambiwa nisipochapa wanafunzi watanipanda kichwani kwasababu wanajua ni mwalimu wa field. Ushauri? – *Form two B*

JIBU: Usiishike. Utaratibu wa serikali uko wazi, anayetoa adhabu ya viboko ni mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, visizidi vinne, na vinaandikwa kwenye kitabu. Wewe hujateuliwa na mtu. Mwaka 2016 video ya walimu wa mazoezi wakimpiga mwanafunzi mmoja Mbeya ilizunguka nchi nzima, vijana wale walikuwa kama wewe, wako field, na chuo kikaishia pale. Wenye fimbo zenye majina ni waajiriwa, wana pa kusimamia, wewe una barua ya chuo tu.

Kupandwa kichwani kunatokana na kuingia darasani hujajiandaa na kuwatisha kwa mambo ambayo huwezi kuyatimiza. Ingia kabla yao, jua majina ya wale wanne wanaoongoza vurugu kabla ya wote, wape kazi ya mapema. Darasa la form two halina siri nyingine zaidi ya hiyo.

(Na wewe kijana uliyeniandikia kwamba binti wa form three anakutumia meseji za usiku na "sijui nimjibuje bila kumuumiza", jibu langu ni fupi: humjibu, unamwonyesha mwalimu wa malezi simu kesho asubuhi, kumpa mwanafunzi mimba ni miaka 30 jela na utani wote unaanziaga kwenye meseji za usiku.)

SWALI: Habari za kazi mwalimu. Nina mwanafunzi mwenye ualbino darasa la nne. Nimemweka dawati la mbele kama tulivyofundishwa kwenye elimu maalumu lakini bado hanakili vizuri, anasogea ubaoni kila saa wenzake wanalalamika anawaziba, macho yake yanachezacheza nikimwongelesha kama hanisikilizi. Ni mvivu au? – *Mwalimu Mtarajiwa, Tabora*

JIBU: Mvivu wapi. Kuchezacheza kwa macho kunaendana na ualbino wenyewe, hawezi kujizuia, na wengi wanageuza shingo upande kutafuta pembe ambayo wanaona vizuri zaidi, kwa hiyo akikupa shavu ndo anakuangalia.

Dawati la mbele nusu ya kazi tu. Dirisha liko wapi? Kama mwanga unampiga usoni au ubao unang'aa basi hata umweke puani mwa ubao haoni kitu, mhamishe upande ambao jua linatokea nyuma yake, na asubuhi na mchana panaweza kuwa pawili tofauti. Ruhusa ya kusogea ubaoni mpe ya kudumu, mwambie na darasa mara moja liishe. Andika kwa herufi kubwa na uwe unasoma kwa sauti kila unachoandika, hiyo inasaidia na wengine ambao wana macho mabovu na hawajisemi. Au mpe nukuu zako za somo moja kwa moja anakili akiwa ameshika karatasi karibu na uso. Miwani akiwa nayo itamsaidia ila usitegemee itamfanya aone kama wewe.

Mstarini pale, mkuu anahutubia nusu saa juani, mtoto huyo asimame kivulini na kofia yake na mikono mirefu hata kama sare ni fupi. Hili linaua, saratani ya ngozi ndo inayowamaliza wakiwa bado vijana. Pale hospitali ya KCMC Moshi wanatengeneza losheni maalumu ya jua kwa ajili yao, mzazi aulize kliniki ya ngozi. Na kwa kuwa ni la nne, ana upimaji wa taifa mwaka huu, mkumbushe mwalimu mkuu kwamba Baraza la Mitihani linatoa karatasi za maandishi makubwa ila lazima mtoto awe ameorodheshwa mapema. Wengi wanakosa karatasi hiyo kwa sababu shule ilikaa kimya tu wakati wa usajili.

SWALI: Hujambo mwalimu. Mimi natoka Bungoma, nafanya TP yangu Kakuma kwa shule moja iko na wakimbizi na watoto wa Waturkana pamoja. Nafundisha Kiswahili. Kuna wa Kongo wanaongea Kiswahili lakini cha kwao, darasa linacheka. Wa Sudan Kusini na wa Somalia wengine wanaanza na zero. Mwingine ni kijana wa miaka 19 ananishinda urefu. Juzi nimewapa insha "Siku ambayo sitaisahau", msichana mmoja akaweka kalamu chini akatoka nje akilia, nikabaki nimesimama tu. Nianzie wapi? – *Mwalimu wa TP*

JIBU: Sijambo mwalimu. Anzia kwenye hiyo insha. Kila mwalimu wa Kiswahili pwani mpaka bara keshaitoa, mtoto wa kawaida anaandika kuhusu Krismasi au siku aliyoumwa na mbwa. Kambi ya Kakuma imekuwepo tangu 1992 na watu hawakuja pale kutembea. Siku ambayo huyo msichana hataisahau siyo ya kuiandika ndani ya dakika arobaini halafu ipewe maksi kwa hijai. Wape vichwa viwili vitatu wachague, jinsi ya kupika kitu fulani, soko la hapa, mchezo ninaoupenda, barua kwa rafiki. Anayetaka kuandika yale mazito ataandika mwenyewe, tena ukimwachia mlango wanaandika sana. Huyo binti usimfuate kumuuliza ilikuwaje, mwambie tu nimekupa nafasi ya kuandika kitu kingine, na mjulishe mwalimu mkuu, mashirika yanayosaidia shule za kambini huwa na washauri.

Wa Kongo hao ni hazina umekaa nayo. Mtoto wa Bukavu akisema batoto hajakosea, ndivyo Kiswahili cha kwao kinavyosema, na anawaza kwa lugha hiyo vizuri kuliko wengi wetu, kwa hiyo mwambie mbele ya darasa kwamba hicho ni Kiswahili cha Kongo, na kwenye mtihani wa Kenya tunaandika watoto, basi, kicheko kinaisha maana hakina tena cha kuchekea. Halafu mpe kazi ya kuongea na wale wa zero. Hotuba yako ya nusu saa haitawafikisha mahali, mazungumzo ya mwenzao kwenye foleni ya maji yatawafikisha.

Angalia pia asiyejua lugha usimhesabu hajui kitu. Kuna mtoto pale alisoma kwa Kiarabu Sudan, mwingine kwa Kifaransa Burundi, wakashushwa madarasa kwa sababu ya lugha tu. Kamuulize mwalimu wa hesabu, utakuta huyohuyo wa zero ndo anaongoza hesabu zisizo na maelezo. Na kijana wa miaka 19 akalie nyuma pembeni ambapo miguu inaenea, umwite jina lake, usimwite mzee hata kwa utani, na ukitaka kitu kizito kibebwe mwombe kama unavyomwomba mtu mzima. Vikundi usipange kwa mataifa, ila siku ya kwanza usiwalazimishe kuchanganyika pia, nyumbani kwao kuna waliokimbiana. Waache wakae watakavyo, kila wiki unahamisha wawili.

SWALI: Mama shikamoo, BTP yangu inaisha. Nina daftari nimeandika mambo mengi ya watoto, nani anaishi na bibi, nani hali mchana, kuna mmoja aliniambia anatumia dawa zile za kila siku. Nilimwachie nani? Na je naweza kupost picha nilizopiga nao? – *Naaga Mpwapwa*

JIBU: Marahaba mwanangu, umefanya kazi. Daftari usilikabidhi zima. Kaa na mwalimu wa darasa mchana mmoja umsomee yale yanayohusu kukaa na kusoma, huyu haoni mbali, huyu mpe kazi za kusoma kwa sauti anapenda, huyu Jumatano hayupo kwa sababu ya mnada. Njaa na malezi peleka kwa mwalimu wa malezi kwa mdomo. La dawa halihami. Mtoto alikwambia wewe, kwa hiyo kabla hujaondoka muulize kama angependa mwalimu fulani ajue, akisema hapana inabaki hapana, labda tu uone hali yake inazorota, hapo mwambie wazi kwamba utamshirikisha mwalimu wa malezi na kwa nini. Ukurasa huo chana uuchome.

Picha za darasani zinazoonyesha sura za watoto usiweke kwenye wasap wala popote, hata ile ya kuagana mmeshikana mikono. Umewaomba wazazi? Hujawaomba. Piga picha ya zana zako za manila ukutani, hiyo post utakavyo, na kwenye faili la chuo weka hiyohiyo.